Kisogo cha Panki

Mwanamume akikuapia kwamba haogopi upara, wewe mtazame mikono tu. Ukiona kila mara inakwenda kupapasa kofia, basi umeshajua.

Kinyozi wetu huyu watu walimwita Panki, na jina lenyewe hakulipata bure. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tititi, zimesimama juu ya kichwa kama brashi ya viatu na pembeni zimekwanguliwa, mtindo ambao wenyewe waliuita panki. Siku alipofungua saluni yake, mchoraji wa mabango akamchora ukutani nje vilevile alivyo, na chini akaandika kwa herufi kubwa: KWA PANKI, NYWELE NI HESHIMA. Miaka ishirini na mitatu mingine ikapita. Yule wa ukutani nywele zake anazo mpaka leo, ila mwenyewe zilimkimbia.

Zilianza kumtoka kwenye paji la uso, zikaendelea utosini, zikabaki za kisogoni na za juu ya masikio tu. Akaanza kuvaa kofia. Aliyemshonea ni mkewe, fundi cherehani, na alimshonea tisa za kila rangi bila kumuuliza hata swali moja. Mke atafichwa nini? Ila wateja hawakujua, au ndivyo Panki alivyojipa moyo. Kwa miaka saba hapakuwa na mteja aliyemwona kichwa wazi. Feni ikiwashwa, yeye husimama upande usiopata upepo. Mtu akimtania, "Fundi, vua basi na sisi tuione hiyo panki," alicheka pamoja nao, mkono mmoja umeishika kofia.

Msidhani ni maringo. Alikuwa na hofu, tena ya kweli. Alijua siku watakayokiona kichwa chake wataitazama picha ya nje, watamtazama yeye, kisha watakwenda kunyolewa kwingine. Nani atampelekea kitambaa fundi aliyevaa matambara?

Habari za upasuaji aliletewa na mwalimu. Mwalimu huyu alikuwa mteja wa kila Jumamosi, mtu wa thelathini na kitu, mdomo mwepesi, mcheshi. Kisogoni alikuwa na vinundu vigumu vitano, vilivyotokana na wembe wa kinyozi mwingine zamani. Panki alipenda kulikazia hilo neno, mwingine. Kwa miaka minne alivizunguka vinundu vile na mashine yake bila kuvigusa, na hakuwahi kuvitaja mbele ya watu, kwa sababu kinyozi anayetangaza kichwa cha mteja ni heri akauze mchicha.

"Siku hizi nywele zinapandikizwa, Fundi," mwalimu alimwambia kwenye kioo, huku akilikagua paji lake, ambalo nalo lilishaanza kupanda juu. "Wanazing'oa nyuma, wanazipanda mbele. Kama miche ya kitaluni."

"Nani anahangaika na mambo hayo," Panki akajibu, na masikio yamemsimama wima.

Hazikupita siku kumi akawa amekaa mbele ya daktari wa upasuaji. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Mezani palikuwa na kichwa cha plastiki kilichochorwa mistari. Daktari alimvua kofia yeye mwenyewe, taratibu, na Panki akafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano.

Alimweleza bila haraka. Njia ya kwanza ni kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kuushona ule mpasuko, kisha kuuchambua ukanda vipande vidogo vidogo vya kupandikiza mbele. Hiyo humwachia mtu kovu la mstari. Ya pili ni kuzitoa nywele moja moja na mizizi yake, kwa kisu kidogo cha duara, kila unywele ukiacha tundu lake. Ipo na ya kukata kipande cha upara na kuivuta ngozi ikutane, lakini hiyo yeye alishaiacha.

"Nywele zetu zimejipinda mpaka chini ya ngozi," alisema. "Ukizifuata kwa haraka unazikata mizizi. Kwa hiyo mimi huenda polepole. Lakini kuna watu siwagusi kabisa. Wapo ambao ngozi yao ikikatwa haijui kunyamaza. Kovu linavimba, linakuwa gumu, linaendelea kukua hata baada ya kidonda kupona. Mtu wa namna hiyo nikimtoboa kichwa nitakuwa nimemmaliza. Sasa nakuuliza, baba. Una kovu lolote lililowahi kuvimba? La chanjo, la kuungua, lolote?"

Kwenye bega la kushoto, chini ya shati, Panki alikuwa nalo. Lilikuwa la chanjo ya utotoni. Lilianza kama punje ya dengu, na sasa lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, linang'aa, na joto likizidi linamwasha. Marehemu mama yake alikuwa na la namna hiyo sikioni, pale alipotogwa avae hereni.

"Hapana," Panki akasema.

Jibu lilitoka kabla hajalifikiria. Angefanyaje? Mtu ameambiwa "siwagusi" kwanza, ndipo akaulizwa. Akatia saini fomu, na bega likaanza kumwasha papo hapo, akajizuia asilikune.

Nesi akampa maelekezo ya siku yenyewe. Ale kidogo asubuhi, asinywe pombe, na zaidi ya yote asijinyoe. "Tutakunyoa sisi hapa kwa mashine, tunajua ni urefu gani tunautaka. Wewe njoo nazo zilivyo. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana."

Haya, ikafika siku. Panki alimuaga mkewe kwamba anakwenda kununua mashine mpya, na mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani yake. Kulikuwa kumeshakucha. Badala ya kwenda moja kwa moja, akapitia saluni, akafunga mlango na kushusha pazia. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumdanganya. Akanyolewe na nesi? Yeye, Panki, aliyenyoa mabwana harusi na watoto wao? Nesi anajua nini kuhusu mwelekeo wa nywele za kisogoni, pale zinapozunguka? Kichwa chake hakikuwa kimenyolewa na mkono wa mtu mwingine tangu afungue saluni, na leo akamkabidhi mtu aliyejifunza kunyoa wodini?

Akaweka kioo mbele na kingine nyuma, akafungua wembe mpya.  Alikuwa hajalala vizuri siku tatu, na kila akifumba macho aliona kisu cha duara. Akajikaza kisabuni. Akanyoa upande wa kulia ukaenda vizuri, wa kushoto vizuri, na alipofika katikati, juu kidogo ya shingo, wembe ukaingia.

Mkato haukuwa mrefu. Urefu wa ukucha tu. Lakini damu ilitiririka hadi kwenye kola. Panki akafanya kinachofanywa na vinyozi wote duniani: akalowesha shabu, lile jiwe la kukatia damu, akaibana pale palipokatika mpaka machozi yakamtoka, akafuta, akapaka poda. Alipotazama kwenye vioo hakuona kitu. Akajiambia hakuna atakayejua.

Kule kwa daktari alipewa gauni la wagonjwa. Akaambiwa avue nguo za juu, akakataa kuvua fulana, akasingizia baridi. Wakamlaza kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye tundu la kuweka uso. Kupitia tundu lile aliona vigae vya sakafu na viatu vyeupe vya nesi, basi. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Juu yake alisikia vyuma vinawekwa kwenye sinia, kimoja kimoja.

"Leo tutatoa elfu moja na mia nane," sauti ya daktari ikasema. "Ni kazi ya siku nzima. Ukichoka useme."

Elfu moja na mia nane. Panki alikuwa hajawahi kuifikiria hesabu hiyo kama matundu. Matundu elfu moja na mia nane nyuma, na mengine idadi hiyohiyo mbele ya kuingizia. Bega likamwasha chini ya fulana, likawasha kama limesikia.  Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa ni kulisema tu.

"Daktari."

"Naam, baba."

"Hapana. Nimekohoa tu."

Mnaona mtu huyu? Roho inamwambia sema, woga unamwambia nyamaza, naye anausikiliza woga. Nesi akaguna kuona kisogo kimeshanyolewa, akaanza kukiosha kwa dawa ya baridi, akisugua kwa pamba. Pamba moja, ya pili. Ya tatu akaishika hewani.

"Daktari, hapa panatoka damu."

Viatu vingine viwili vikaja kwenye vile vigae. Kidole kilichovaa mpira kikabonyeza, kikavuta ngozi huku na huku.

"Nani amekunyoa?"

"Mwenyewe," Panki akajibu ndani ya tundu.

"Unafanya kazi gani vile?"

"Kinyozi."

Nesi akachekea puani. "Kinyozi hajinyoi," akasema polepole, "na akijinyoa hujikata."

Daktari hakucheka. Alimwambia ainuke. Hawezi kutoboa kando ya kidonda kibichi cha wembe, kilichosuguliwa shabu na kufukiwa poda, hata kama ni kidogo. Apone kwanza, arudi baada ya wiki nane. Panki akaomba, akabembeleza, akasema yeye damu yake ni nzuri, vidonda vinapona haraka. Daktari akavua glovu moja, akamtazama usoni.

"Nakuuliza tena. Huna kovu lililovimba popote?"

"Sina, daktari."

Akarudi nyumbani amevimba kwa hasira. Safari yote kuharibika kwa mkato wa urefu wa ukucha. Alijilaani, akaulaani wembe, akamlaani hata nesi na methali yake.

Kidonda kilipona ndani ya siku kumi, akasahau. Wiki ya tatu, akiwa anamnyoa mzee mmoja, kisogo kikamwasha. Hakikuwasha kama joto, wala kama nywele zinazoota. Kilimwasha kwa ndani, palepale, na Panki aliujua muwasho ule, maana alikuwa ameishi nao begani miaka arobaini. Mwili wote ukamsisimka. Akazima mashine, akaenda nyuma ya pazia, akapitisha kidole. Palikuwa na kitu. Kidogo, kigumu, laini juu.

Kuanzia hapo alianza siku kwa kukipapasa kwa kidole, hata mswaki alikuwa hajaushika. Wiki ya tano kitu kile kilikuwa kama punje ya mahindi. Ya sita kikaanza kutoka nje ya mipaka ya mkato wenyewe, kikatambaa kwenye ngozi ambayo wembe haukuigusa. Ya saba kilikuwa kama harage. Akawa anavaa taulo shingoni, akidai ni mafua. Akawa halali vizuri chali. Na kila alipokaa peke yake hesabu ilimrudia. Mkato mmoja umezaa harage. Je, ile elfu moja na mia nane? Alikiona kichwa chake kimejaa, kuanzia pajini hadi shingoni, vinundu juu ya vinundu, kisichoweza kushika hata kofia, kinachowasha mchana kutwa, kinachokua. Watoto wanamkimbia njiani. 

Na bado, jamani, bado alikuwa na mpango wa kurudi. Wiki ya nane ilikuwa inakaribia, na Panki alikuwa ameshaandaa maneno: ni kijipu tu, daktari, kitaisha. Hofu haina akili. Aliiogopa ile picha ya nje kuliko kisu.

Mkewe ndiye aliyeuvunja mpango huo. Alikuwa amepata kitambaa kizuri cha kijivu, akataka kumshonea kofia ya kumi. Akamkalisha kwenye kiti karibu na cherehani, akaondoa ile taulo kabla Panki hajadaka mkono wake, akazungusha utepe wa kupimia kichwani. Kidole chake kikashuka, kikasimama.

"Hiki kimeanza lini?"

Panki akanyoosha mkono kuichukua tena ile taulo.

"Mume wangu, nimekuuliza. Kiko kama cha begani."

"Ni kama cha begani," akakubali. Kisha akasema yote. Daktari, fomu, fulana, wembe, mashine mpya ambayo haikununuliwa. Alisema ameinama, anatazama pedeli ya cherehani.

Mkewe hakupiga kelele. Aliketi, utepe uko mapajani mwake. "Walikuwa wakutoboe mara ngapi?"

"Elfu moja na mia nane. Nyuma. Na mbele."

 Panki alipoinua macho aliona mkewe anamkagua kichwa toka mbele hadi nyuma, akajua kwamba na yeye amekiona kichwa kizima kimejaa vinundu.

"Kofia tisa nimekushonea," mkewe akasema. "Sijawahi kukuuliza hata moja ni ya nini. Ungerudi na kichwa cha namna hiyo, mimi ningekushonea nini? Ulishindwa kuniambia mimi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unakwenda kukitafuta kwa miguu yako." Kisha akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kijivu. "Vaa shati. Tunakwenda wote, sasa hivi."

Daktari aliwapokea akidhani ni ile ahadi ya wiki nane. Panki hakuketi. Alifungua vifungo, akateremsha shati begani, akageuka na kuinamisha shingo.  Daktari alivaa miwani, akatazama begani, akatazama kisogoni, akarudi begani. Akavua miwani.

"Ningekuharibu, baba," alisema. "Kwa mikono yangu hii. Nilikuuliza mara mbili."

"Na mara mbili nilikudanganya."

"Ile fulana nilipaswa kukuvua mwenyewe. Na nilipaswa kutoboa kwanza vitundu vichache, ningoje, nione ngozi inajibu nini. Huo wembe wako umelifanya jaribio nililopaswa kulifanya mimi." Akavuta pumzi. Upasuaji ufutwe, akasema, hapa na kwingine kokote, maisha yake yote. Kinundu kisikatwe, maana kikikatwa kinarudi kikubwa zaidi. Atachomwa sindano palepale kila mwezi, na huenda kikalala. Huenda.

Alichomwa ya kwanza siku ileile. Iliuma vibaya, na mkewe alimshika mkono.

Jumamosi iliyofuata saluni ilikuwa imejaa. Benchi lilikuwa na watu watano, feni inazunguka, na Panki na kofia yake amesimama upande usio na upepo. Mwalimu akaingia anang'aa, akakaa kitini, akajitandazia kitambaa mwenyewe.

"Nipunguze vizuri, Fundi. Jumatatu naingia."

"Unaingia wapi?"

"Kupandikiza. Nilikwambia nini? Nimepata mahali, bwana, wanakumaliza siku hiyohiyo. Hawana maswali, hawana fomu. Ukifika unalala, ukiamka una nywele."

Panki alizima mashine. Mbele yake, chini ya taa, vile vinundu vitano vilikuwa vinamtazama.  Akainama sikioni mwa mteja wake, akasema kwa sauti ya chini, "Umewaonyesha hivi vya nyuma?"

"Hawakuuliza," mwalimu akajibu kwa sauti ileile ya kawaida. "Na mimi nikaona ya nini nijichongee?"

"Mwalimu, usiende. Ngozi yako haifai kutobolewa. Nakwambia jambo ninalolijua."

Mwalimu akacheka, akaligeukia benchi. "Mnamsikia? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mwenye panki yake atajua nini shida za sisi wenye mapaji?" Benchi likacheka.

Panki hakucheka. Alimtazama mtu yule kwenye kioo, mchangamfu, anayengoja Jumatatu, na akakiona kile kichwa tena, safari hii kiko juu ya shingo ya mwalimu. Aliweka mashine mezani. Akavua kofia.

Kicheko cha benchi kilikatika. Akasogea upande wa feni, upepo ukampiga utosini mbele ya watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, lakini kofia hakuirudisha. Alikizunguka kiti, akapiga goti mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa mpaka kisogo kikawa juu ya mapaja yake. Akaushika mkono wa mwalimu, akakiweka kidole chake pale.

"Bonyeza."

Mwalimu akabonyeza. Alipotaka kuondoa kidole, Panki akakizuia.

"Huo ni wembe ulioteleza mara moja," alisema. "Miezi miwili iliyopita. Wewe Jumatatu unatobolewa mara ngapi?"

 Mkono wa pili wa mwalimu ulikuwa umekwenda kisogoni kwake mwenyewe, chini ya kitambaa, na ukabaki hukohuko.